Kurkumini na seli za kinga: wasomaji wanauliza, tunajibu

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanahusu kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, na uwezo wake wa kutuliza seli za kinga ya mwili. Wanaouliza ni wa aina mbili: wanaoijaribu kwenye sahani za maabara na wanaoimeza. Tumeanza na ya ndani ya seli, kwa kuwa anayemeza hawezi kujibiwa vizuri kabla hatujajua seli zenyewe zilifanywa nini.

Salamu wahariri. Nafundisha biolojia. Wanafunzi wangu wanajua mchochota wa nje: ngozi inakuwa nyekundu, inapata joto, inavimba na kuuma. Wakiniuliza kurkumini inazuia nini hasa ndani ya seli, nababaika. Nisaidieni.

Mwalimu, waanzishe na makrofaji, ile seli nyeupe kubwa inayokaa kwenye tishu ikisubiri wavamizi. Juu ya utando wake kuna kipokezi kiitwacho TLR4. Kipande cha ukuta wa bakteria, lipopolisakaraidi au LPS kwa kifupi, kikinaswa na kipokezi hicho pamoja na mwenzake MD-2, ishara hupita ndani hadi kwenye kimeng'enya IKK. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Seli ikiwa imetulia, protini iitwayo NF-kB huwa imefungwa na protini nyingine, IkB, nje ya kiini cha seli. IKK ikiamshwa huibandika IkB fosfati, nayo IkB huvunjwavunjwa. NF-kB ikishafunguliwa huingia ndani ya kiini na kuwasha jeni: TNF na IL-6 zinazoita seli nyingine na kuleta homa, COX-2 inayotengeneza prostaglandini za maumivu, na iNOS inayotengeneza oksidi ya nitriki. Kutoka LPS kugusa utando hadi NF-kB kuingia kwenye kiini ni suala la dakika, kwa kawaida nusu saa au chini yake.

Kurkumini imeonekana kuugusa mnyororo huu mahali zaidi ya pamoja. Hupunguza kazi ya IKK, hivyo IkB haivunjwi na NF-kB inabaki imefungwa. Hujipachika kwenye MD-2. Tena huishika protini Keap1, na hapo Nrf2 huachiliwa ikawashe jeni za kuilinda seli dhidi ya oksijeni haribifu. Wasisitizie wanafunzi kwamba mnyororo huu ni ulinzi. Mtu asiye nao angelemewa na maambukizi madogo tu. Tunachotafuta ni kuupunguza pale unapowaka bila sababu au usipozimika kwa wakati.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili. Nimekabidhiwa seli za RAW 264.7 na kurkumini safi, niangalie kama inapunguza oksidi ya nitriki, TNF na IL-6. Naomba hatua kwa hatua, na hasa mambo yanayoharibu jaribio.

Anza na hadubini, kabla hujagusa pipeti. Seli za RAW 264.7, ambazo ni makrofaji za panya, zikiwa zimetulia huwa ndogo, za mviringo, na kingo zake zinang'aa. Ukikuta zimetandaa bapa, zimetoa mikono mirefu na ndani zimejaa vijishimo, zimeshachochewa kabla hujaziwekea chochote. Ama ziliachwa zikasongamana, ama zimepandikizwa mara nyingi mno, ama maji ya kukuzia yana uchafu wa bakteria. Usijaribu kuziokoa. Yeyusha kichupa kingine.

Zikuze kwenye maji ya kukuzia ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5. Wakati wa kuvuna, zikwangue polepole. Usitumie tripsini, kwa sababu hula protini za juu ya utando, na vipokezi unavyovihitaji viko hukohuko. Weka seli 50,000 kwenye kila kishimo cha sahani ya vishimo 96 na uziache usiku kucha zishike.

Sasa kurkumini. Uzito wake wa molekuli ni 368.4, kwa hiyo miligramu 3.68 katika mililita 1 ya DMSO, kiyeyushio chake, inakupa myeyusho wa milimola 10. Ugawe kwenye vichupa vidogo, vifunike kwa karatasi ya alumini kwa sababu mwanga huiharibu, uviweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Punguza ukolezi ndani ya DMSO yenyewe: milimola 10, 5, 2.5 na 1.25. Kisha kila kimoja kiingie kwenye maji ya seli kwa kipimo kimoja katika 1,000. Kwa njia hiyo unapata mikromola 10, 5, 2.5 na 1.25, na kila kishimo kina DMSO asilimia 0.1 sawasawa. Wengi hutumia myeyusho mmoja na kuongeza matone kadiri wanavyotaka ukolezi mkubwa. DMSO nayo inapanda, na mwisho hawajui ni kipi kilichozituliza seli.

Dondoshea kurkumini kwenye maji ya uvuguvugu yenye seramu huku ukitikisa. Ikiingia kwenye maji baridi yasiyo na seramu huganda ikawa chembe za rangi ya machungwa chini ya kishimo, na ukolezi ulioandika daftarini unakuwa wa uongo. Seramu ina faida kubwa zaidi ya hiyo. Kwenye maji ya fosfati ya pH 7.2, nyuzi 37, bila seramu, kiasi cha asilimia 90 ya kurkumini huharibika ndani ya dakika 30. Hilo lilipimwa na kuchapishwa mwaka 1997. Penye seramu asilimia 10, karibu nusu huwa bado ipo baada ya saa 8. Ndiyo maana tunakushauri uiweke saa 1 tu kabla ya LPS. Ukiiweka siku nzima kabla, LPS itakapofika utakuwa unapima masalia ya kurkumini.

Baada ya saa hiyo, ongeza LPS katika ujazo mdogo ili ukolezi wa mwisho uwe nanogramu 100 kwa mililita, na vishimo visivyopata LPS vipewe ujazo uleule wa maji matupu. TNF ichukue kwenye saa ya 4 hadi 6. IL-6 na nitriti, alama ya oksidi ya nitriki, zichukue kwenye saa ya 24. Ukisubiri saa 24 kwa vyote utakuwa umeipita saa nzuri ya TNF, kwani ndiyo inayotangulia kupanda.

Vishimo vya kulinganishia usivibanie: seli tupu, seli na DMSO, DMSO na LPS, kurkumini bila LPS, na LPS pamoja na deksamethasoni mikromola 1, dawa ambayo tunajua inazituliza. Deksamethasoni isipopunguza kitu, jaribio zima limekwama na hakuna la kusoma humo. Weka vishimo vitatu kwa kila hali, na urudie kwa siku tatu tofauti. Kwenye takwimu hesabu siku. Vishimo vitatu vya sahani moja ni seli zilezile na mkono uleule, havihesabiki kuwa majaribio matatu.

Oksidi ya nitriki haidumu, hivyo tunapima nitriti inayobaki. Chukua mikrolita 100 za majimaji ya juu, changanya na mikrolita 100 za kitendanishi cha Griess: salfanilamaidi asilimia 1 ndani ya asidi ya fosforiki asilimia 5, pamoja na NED asilimia 0.1. Weka gizani dakika 10 kwenye joto la chumba, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 540. Mstari wa kipimo utengeneze kwa nitriti ya sodiamu, mikromola 0 hadi 100, ukiiyeyusha kwenye maji yaleyale ya kukuzia seli, kwa sababu rangi nyekundu iliyomo nayo hufyonza mwanga. Seli zilizochochewa vizuri hufika mikromola 20 hadi 40. Seli tupu zikikupa 10, tafuta endotoksini, yaani LPS ya uchafu wa bakteria, kwenye seramu, kwenye maji au kwenye chupa.

Kuhusu ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kupima protini kama TNF, seli hizi zikipewa LPS hutoa TNF nyingi mno. Usipoyazimua majimaji, mara 50 au 100 na wakati mwingine zaidi, kila kishimo kitasoma juu ya kilele cha mstari wa kipimo, na utahitimisha kwamba kurkumini haikufanya kitu. Tenga sampuli moja ya LPS uizimue kwa viwango vitatu kabla ya kutumia sahani nzima.

Nitriti yangu imeshuka karibu sifuri kwa kurkumini ya mikromola 40. Nilifurahi, lakini msimamizi wangu amekataa matokeo. Kosa liko wapi?

Karibu hakika seli zimekufa. Seli iliyokufa haitoi nitriti. Maabara nyingi huanza kuona seli za RAW zikidhoofika ukolezi ukishavuka mikromola 20 hivi, kwa hiyo pima uhai kwenye sahani ileile na muda uleule. Ukitumia MTT, kemikali inayogeuzwa rangi na seli hai, mwaga maji yenye kurkumini na uzisuuze seli kwanza, kisha uwe na vishimo vyenye kurkumini bila seli. Kemikali za aina hii zinaweza kuibadilisha MTT zenyewe, na ukadhani seli zi hai. Kipimo cha LDH, kimeng'enya kinachovuja kwenye seli zilizopasuka, ni shahidi mzuri wa pili. Kanuni yetu ni hii: ukolezi unaoshusha uhai chini ya asilimia 90 ya vishimo vya DMSO hauingii kwenye grafu ya mchochota.

Ukishathibitisha ziko hai, bado kuna mtego mwingine. Chukua majimaji ya seli zilizopewa LPS peke yake, yaongezee kurkumini muda huohuo kabla ya Griess. Usomaji ukishuka, kurkumini inavuruga kipimo chenyewe, na seli hazihusiki. Kurkumini ina sifa mbaya kwa wanakemia wa dawa kwa sababu hizi: ina rangi kali inayofyonza mwanga karibu na nanomita 425, inang'aa yenyewe chini ya mwanga wa fluoresensi, na hushikana na protini nyingi bila kuchagua. Ndiyo maana ushahidi wa aina moja hautoshi. Onyesha pia kwamba IkB haikuvunjwa katika dakika 15 hadi 30 za mwanzo, na kwamba mRNA ya TNF, nakala ya jeni inayotumika kuitengeneza, imepungua.

Jaribu pia kichochezi kingine, kwa mfano Pam3CSK4 kinachopita TLR2, na jaribu kuiweka kurkumini saa 2 baada ya LPS. Ikifanya kazi tu pale inapotangulia LPS na kwa LPS pekee, huenda inazuia LPS mlangoni, na hilo halifanani na ugonjwa ambao tayari umewaka.

Jambo la mwisho kwako: makrofaji za binadamu zikipewa LPS kwenye sahani hutoa oksidi ya nitriki kidogo sana, tofauti na za panya. Kabla hujaandika neno "binadamu" kwenye hitimisho, rudia TNF na IL-6 kwenye THP-1, seli za binadamu za maabara, zilizogeuzwa kuwa makrofaji kwa PMA, au kwenye monositi, seli nyeupe zinazogeuka makrofaji, zilizotolewa kwenye damu na kukuzwa siku 6 au 7 kwa M-CSF.

Je, naweza kuchemsha unga wa manjano na kutumia maji yake badala ya kununua kurkumini safi?

Kwa jaribio hili, hapana. Kurkumini karibu haiyeyuki kwenye maji, hivyo utakachochuja kitakuwa na vitu vingine zaidi kuliko hiyo. Unga wenyewe una kurkumini kama asilimia 3 tu kwa uzito, na kiasi hicho hupanda na kushuka kati ya mzigo na mzigo. Umetoka ardhini, kwa hiyo una endotoksini, ile LPS unayotaka kuidhibiti. Tena umewahi kukutwa umetiwa kromati ya risasi ili ung'ae. Ukilazimika kutumia dondoo, tumia ethanoli, ikaushe, iyeyushe kwenye DMSO, pima kurkumini iliyomo kwa HPLC, mashine inayotenganisha na kupima kemikali, na pima endotoksini kwa kipimo cha LAL. Hata kurkumini ya dukani iliyoandikwa "safi" mara nyingi ni mchanganyiko wa tatu: kurkumini yenyewe kiasi cha robo tatu, na ndugu zake wawili, demethoksikurkumini na bisdemethoksikurkumini. Soma cheti cha mzigo.

Shikamooni. Mimi ni mzee ninayesumbuliwa na magoti. Nimesoma kwamba kurkumini inashinda mchochota maabara. Nile kiasi gani nami nipate nafuu hiyo?

Marahaba, mzee wetu. Tukujibu kwa hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kilicho kweli kwenye sahani hakiji chenyewe kwenye goti.

Seli za maabara huogeshwa kwenye kurkumini ya mikromola 5 hadi 20 kwa saa nyingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, watu wazima wenye afya walimeza gramu 2 za kurkumini. Kilele kwenye damu yao kilikuwa mikrogramu 0.006 kwa mililita, yaani karibu mikromola 0.016. Hiyo ni chini ya sehemu moja katika 300 ya kipimo kidogo cha maabara, na ilishuka upesi. Utumbo na ini huifunga kurkumini kwa asidi ya glukuroniki na salfeti mara tu inapoingia, na ikishafungwa hivyo nguvu yake hupungua sana.

Hata hivyo yapo majaribio ya magoti yaliyoonyesha nafuu. Kubwa mojawapo lilifanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2014: wagonjwa 367 wa osteoathraitisi ya goti walipewa ama dondoo ya manjano miligramu 1,500 kwa siku, ama ibuprofeni miligramu 1,200, kwa wiki 4. Maumivu yalipungua kwa viwango vinavyokaribiana, na malalamiko ya kuumwa tumbo yalikuwa machache zaidi kwa waliotumia manjano kuliko kwa wenzao wa ibuprofeni. Halikuwa na kundi la dawa tupu, yaani vidonge visivyo na dawa ndani, hivyo hatuwezi kutenganisha kazi ya dondoo na nafuu inayokuja yenyewe. Kwa maoni yetu ni jambo la kujaribu kwa muda maalumu, wiki 4 hadi 8, ukiandika maumivu yako kwa alama 0 hadi 10 kila jioni. Alama zisiposhuka, acha. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yana ushahidi mzito zaidi, na tungependa uanze na hayo.

Kwa kulinganisha tu: kamati ya wataalamu wa viungio vya vyakula ya FAO na WHO imeweka kikomo cha kurkumini cha kila siku kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hufika kwenye miligramu 180. Dondoo ya vidonge huvuka kikomo hicho kwa urahisi, kwa hiyo ihesabu kama dawa na umtajie daktari wako.

Vidonge vyangu vimechanganywa na piperini ya pilipili manga ili "vifyonzwe mara 20". Ni salama?

Hiyo mara 20 inatoka kwenye utafiti uleule wa 1998: gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini. Kilele kilipanda hadi mikrogramu 0.18 kwa mililita, karibu nusu mikromola, na hakikudumu. Bado ni mbali na sahani.

Gharama yake ni kwamba piperini huipandisha kurkumini kwa kuzuia vimeng'enya vya utumbo na ini, na vimeng'enya hivyo haviishughulikii kurkumini peke yake. Piperini imeonyeshwa kwa binadamu kupandisha damuni fenitoini ya kifafa, propranololi ya moyo na theofilini ya pumu. Kwa fenitoini na theofilini, nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Anayetumia mojawapo asivile vidonge hivyo.

Ini nalo liangaliwe. Mtandao wa watafiti wa Marekani unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 waliodhurika kwa vidonge vya manjano. 7 kati yao walikuwa na jeni aina ya HLA-B*35:01, na mmoja alifariki. Ni nadra, lakini huja bila taarifa, mara nyingi mwezi 1 hadi 4 baada ya kuanza. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, mwili ukawasha au hamu ya kula ikapotea, acha vidonge siku hiyohiyo na ukapime ini. Mwenye vijiwe vya nyongo, anayetumia warfarini na mjamzito wasianze vidonge hivi bila daktari.

Mimi ni mfamasia. Baada ya maelezo yote haya, je, ipo kemikali ya mmea iliyotoka kwenye seli za kinga ikafika kwa mgonjwa na ikathibitika?

Ipo, ndugu mfamasia, nayo iko kwenye rafu yako: kolchisini, inayotoka kwenye mmea Colchicum autumnale. Haipiti njia ya kurkumini. Hujifunga kwenye tubulini, protini inayojenga mirija myembamba ndani ya seli, na nyutrofili, aina ya seli nyeupe ya damu, isiyo na mirija hiyo haitembei vizuri, haishikamani na ukuta wa mshipa inavyopaswa, na mtambo wa NLRP3 unaotoa IL-1 beta, protini ya kuchochea mchochota, hauungani ipasavyo. Tofauti iliyo kubwa ni ya ukolezi: kolchisini hufanya kazi damuni kwa nanomola chache, na hujikusanya ndani ya nyutrofili kwa sababu seli hizo zina uhaba wa pampu ya P-gp inayoitoa nje. Yaani kinachofika kwenye seli ya mgonjwa kinatosha.

Kwa shambulio la jongo, miligramu 1.2 kisha 0.6 baada ya saa 1 zilitosha sawa na miligramu 4.8 za mtindo wa zamani, na kuhara kukapungua sana. Hilo lilichapishwa mwaka 2010. Katika jaribio la COLCOT la mwaka 2019, wagonjwa 4,745 waliotoka kupata shambulio la moyo walipewa miligramu 0.5 kwa siku au dawa tupu, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 5.5 dhidi ya 7.1.

Unajua pia inavyoua. Klarithromaisini na siklosporini huzuia CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja dawa, na P-gp, kolchisini ikarundikana, na mgonjwa akaanza kwa kuhara, kisha uboho ukaacha kutengeneza damu. Piperini nayo huzuia hivyo vyote viwili maabara. Kwa hiyo anayechukua kolchisini muulize kuhusu figo zake, kuhusu antibiotiki aliyoanza wiki hii, na kuhusu vidonge vya manjano vyenye piperini, kwa kuwa hivyo vya mwisho hatavitaja mwenyewe.